Bingwa Alipoondoka na Mkanda: Kisa cha Ubingwa wa Dunia wa NWA, 1991 hadi 1994

## Kisa kwa ufupi

Julai 1991, kampuni ya mieleka ya WCW yenye makao yake Atlanta ilimfukuza kazi bingwa wake wa dunia, Ric Flair, zikiwa zimebaki kama wiki mbili tu kabla ya onyesho lake kubwa la kiangazi. Flair akaenda zake. Mkanda nao ukaenda naye, kwa kuwa ulikuwa mikononi mwake na kwa kuwa alikuwa anadai dola 25,000 za amana ambazo hakurudishiwa. Mwezi uliofuata mkanda uleule ukaonekana kwenye televisheni ya wapinzani. Ilipopita miaka mitatu na ushei, ubingwa ulioheshimika kuliko wote katika mieleka ya Marekani ulikuwa umepasuka vipande vitatu, na kimoja kikabwagwa chini mbele ya kadamnasi.

Kisa hiki kina faida kwa yeyote aliyekabidhiwa kusimamia taji, kombe au mkanda, uwe wa ngumi au wa mashindano ya mtaani. Niliowataja kwa majina ni watu waliojulikana hadharani wakati huo. Mawakili, makarani na watumishi wa ofisini nimewaacha bila majina. Kisa kinaeleweka bila wao.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa. Nani ashinde na nani aanguke huamuliwa chumbani kabla ya kengele kulia. Wengi wakishajua hilo huuliza, sasa mkanda una maana gani? Mimi naona una maana zaidi kuliko wa ngumi. Bondia akipoteza mkanda amepigwa, na kila mtu ameona. Mwanamieleka huuachia kwa sababu amekubali kuuachia. Ubingwa wake wote umesimama juu ya ahadi, na ahadi hutaka mdhamini.

## Usuli: mikono na amana

Hofu ya mtu kugeuka ulingoni ni ya zamani. Januari 1925 kundi la mapromota lililomzunguka Ed "Strangler" Lewis lilimpa ubingwa Wayne Munn, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani kutoka Nebraska. Alikuwa pande la mtu, mvuto anao, ila mieleka yenyewe haijui. Tarehe 15 Aprili, Philadelphia, ilipangwa amwangushe Stanislaus Zbyszko, mkongwe kutoka Poland. Kumbe Zbyszko alikuwa ameshaelewana na upande wa pili. Kengele ilipolia akamwangusha Munn kwelikweli, na Munn hakuwa na la kufanya. Wiki chache baadaye Zbyszko akauachia ubingwa kwa Joe Stecher, mtu wa kambi pinzani. Kundi la Lewis lilikuwa limeibiwa mchana kweupe, na hapakuwa na polisi wa kumlalamikia, maana wangeshtaki nini? Kwamba mshindani ameshinda?

Mapromota hawakusahau. Julai 1948 wachache wao wa majimbo ya kati walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda National Wrestling Alliance, yaani NWA. Kila mmoja alikuwa na eneo lake. Makubaliano yalikuwa mepesi: usiingie kwa mwenzako, na wote tumtambue bingwa mmoja atakayezunguka kwetu sote. Orville Brown wa Kansas City akawa wa kwanza. Novemba 1949 alikuwa apambane na Lou Thesz ili madai yao mawili ya ubingwa yaunganishwe, lakini akapata ajali ya gari iliyokatisha mieleka yake. Ubingwa ukaenda kwa Thesz bila pambano.

Thesz alifaa. Alivaa suti, alisema kwa adabu, alionekana bingwa hata akiwa amekaa hotelini. Zaidi ya hapo alikuwa na mikono: alijua mieleka ya kweli pamoja na namna za kumtegua mtu kiungo, kwa hiyo mpinzani wa mji fulani akiingiwa na tamaa ya kubadili mpango katikati ya ulingo, angejuta. Hiyo ilikuwa kinga ya kwanza. Kinga ya pili iliwalinda mapromota dhidi ya bingwa mwenyewe. Anayepewa ubingwa aliweka amana, ambayo ilikuja kujulikana kuwa dola 25,000, ikashikwa hadi atakapouachia mkanda kwa amani. Ni kama amana ya nyumba ya kupanga: ukiondoka hujavunja mlango, unarudishiwa chako.

Kinga zote mbili zilijaribiwa kwa pamoja tarehe 24 Januari 1963 huko Toronto. Bingwa alikuwa Buddy Rogers, kipenzi cha mapromota wa kaskazini-mashariki, Vince McMahon mkubwa na Toots Mondt, ambao walikuwa wakimng'ang'ania kwao huku wenzao wakisubiri zamu. Muungano ukaamua aangushwe, ukamtuma Thesz, wakati huo ana miaka 46. Rogers alijua kwamba akikataa amana yake imekwenda, na alijua pia ni nani aliyesimama mbele yake. Akaanguka. McMahon na Mondt walikataa kuutambua ushindi huo, wakidai ubingwa hauwezi kubadilika kwa pambano la mwangusho mmoja tu, wakaanzisha WWWF, ambayo leo ni WWE. Muungano ulipoteza eneo nono, lakini ubingwa wake ulibaki mzima. Bingwa hakuondoka nao.

Desturi hiyo ilidumu muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Harley Race amesimulia kwamba mwaka 1983, akiwa bingwa, Vince McMahon mdogo alimwahidi kitita kikubwa ili ahamie kwake na asitokee kwenye pambano la Greensboro. Race alikataa. Tarehe 24 Novemba alitokea Greensboro, akaangushwa na Flair kama ilivyopangwa. Mwaka uliofuata Kerry Von Erich wa Texas alipewa ubingwa kwa siku 18 tu, kuanzia tarehe 6 Mei, miezi michache baada ya kaka yake David kufariki. Tarehe 24 akaurudisha kwa Flair huko Yokosuka, Japani. Kijana alipewa, kijana akarudisha, na hakuna aliyefikiri kwamba ingekuwa vinginevyo.

Kilichokuwa kinaoza ni bodi. Mapromota wa mikoa walifilisika mmoja baada ya mwingine, wakiliwa na WWF ya McMahon mdogo, yaani ile WWWF ya baba yake kwa jina fupi, iliyokuwa ikitazamwa nchi nzima. Jim Crockett wa Carolina aliyameza maeneo mengi hata muungano ukawa kama kampuni yake. Mwaka 1986 ubingwa ulipata mkanda mpya, ule mpana wa dhahabu uliotengenezwa na sonara Charles Crumrine wa Nevada, ambao mashabiki wengi bado wanauhesabu kuwa mzuri kuliko yote iliyowahi kutengenezwa. (Nami ni mmoja wao, na sitaki ubishi.) Novemba 1988 Crockett naye akaishiwa, akauza kwa kampuni ya televisheni ya Ted Turner, na hapo ndipo ikapatikana WCW. Bingwa wa muungano akawa mwajiriwa wa kituo kimoja, mwenye mshahara na bosi. Amana yake ilikuwa bado inadaiwa, masalia ya mfumo ambao wakubwa wapya hawakuwahi kuuishi.

## Mfuatano wa mambo

Tarehe 11 Januari 1991, East Rutherford, New Jersey, Flair alimwangusha Sting na kurudishiwa ubingwa. Kuanzia hapo kampuni ikaanza kuhesabu mataji mawili ndani ya mtu mmoja: bingwa wa NWA na bingwa wa WCW, mkanda uleule. Machi 21, Tokyo, mgawanyiko huo ulijitokeza waziwazi. Tatsumi Fujinami alimwangusha Flair, Wajapani wakamshangilia bingwa mpya wa NWA. Upande wa Marekani ukasema Flair alikuwa amerushwa juu ya kamba ya juu, kosa kwa sheria zao, hivyo bado ni bingwa wa WCW. Ilibidi warudiane tarehe 19 Mei huko St. Petersburg, Florida, ambako Flair alishinda na mataji yakakaa tena kiunoni mwa mtu mmoja.

Wakati huo Jim Herd, aliyekuwa akiiendesha WCW, alikuwa akivutana na Flair kuhusu mkataba. Herd alitaka mshahara upungue. Flair amesimulia pia kwamba aliambiwa akate nywele zake za dhahabu na aje na sura mpya ya mpiganaji wa Kirumi aitwaye Spartacus. Mazungumzo yakavunjika, na mwanzoni mwa Julai Flair akafukuzwa. Mkanda ulikuwa kwake.

Tarehe 14 Julai, Baltimore. Mashabiki walikuwa wametangaziwa Flair dhidi ya Lex Luger ndani ya kizimba cha chuma. Wakamkuta Luger dhidi ya Barry Windham, ubingwa ukiwa wazi. Mkanda wa dhahabu haupo, kwa hiyo ofisi ilichukua mkanda wa zamani wa ubingwa mwingine na kubandika bamba la kuutaja ubingwa wa dunia. Ukumbi ukaanza kuimba "Tunamtaka Flair", ukaimba tena, na waliokuwa ulingoni hawakuwa na la kufanya ila kuendelea na kazi. Mwishoni Harley Race akatoka nyuma pamoja na mlinzi, Luger akageuka kutoka staring kuwa adui, akamsimika Windham kichwa chini, akahesabiwa mshindi. Kwa hiyo Race, aliyekataa kuuhamisha mkanda mwaka 1983, ndiye aliyesimama kando ya kizimba mkanda wa kubandika ulipopata mwenyewe.

Agosti, Bobby Heenan, meneja wa wanamieleka waovu wa WWF, alitokea kwenye televisheni ya WWF akiwa na mkanda wa dhahabu mkononi, akitangaza kwamba "bingwa halisi wa dunia" yuko njiani. Tarehe 26, kwenye onyesho la SummerSlam pale Madison Square Garden, alikwenda nao hadi kwenye mlango wa chumba cha Hulk Hogan, bingwa wa WWF, na kubisha hodi. Hogan akaufunga mlango usoni pake. Septemba Flair mwenyewe akaingia. Mwezi huohuo kilichobaki cha bodi ya NWA kikamvua ubingwa rasmi.

WCW ilikwenda mahakamani. WWF ikalazimika kuuficha mkanda, ikampa Flair mkanda wa ubingwa wa wawiliwawili aubebe badala yake, na kila ulipotokea kwenye televisheni picha yake ilitiwa ukungu wa vijisanduku ili mtazamaji asitambue. Ndani ya hadithi ikaelezwa kwamba ni amri ya rais wa WWF kwa kuwa Flair hakuwa bingwa halali. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano na mkanda wa dhahabu ukarudi Atlanta. Flair hakuuhitaji tena: tarehe 19 Januari 1992, Albany, aliingia wa tatu kati ya watu 30 kwenye Royal Rumble, akadumu kama saa nzima, akatoka na ubingwa wa WWF wenyewe.

Atlanta sasa walikuwa na mkanda bila ubingwa na ubingwa bila mkanda. Ubingwa wa WCW ulipata mkanda wake mpya na maisha yake. Agosti 2, 1992, hapohapo Baltimore, Ron Simmons alimshinda Vader na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuushika. Siku kumi baadaye, Tokyo, Masahiro Chono alimwangusha Rick Rude kwenye fainali ya mashindano ya G1 na kuvishwa dhahabu kama bingwa wa NWA. Ulipita kwa Great Muta Januari 1993, kwa Windham Februari, na Julai 18 huko Biloxi ukarudi kwa Flair, ambaye alikuwa ameshahama WWF na kurudi nyumbani.

Mtu angedhani hapo kisa kimefungwa. Lakini kiangazi hichohicho WCW ilirekodi vipindi vya miezi kadhaa kwa mkupuo kwenye studio za Disney huko Orlando, na kwenye rekodi hizo Rude alionekana amevaa mkanda wa NWA ambao alikuwa bado hajaushinda. Wanachama wa muungano, wengi wao sasa mapromota wa kumbi ndogo, walisikia, wakapinga: hakuna aliyewauliza. Septemba WCW ikajitoa NWA. Mkanda ukabaki kwa WCW kwa kuwa ni mali yake. Jina la NWA likabaki kwa muungano. Septemba 19, Houston, Rude akaushinda kama ilivyorekodiwa, ila hakuna aliyejua umwite nini. Kwa muda uliitwa tu mkanda mkubwa wa dhahabu. Baadaye ikabuniwa "WCW International", tawi lisilokuwepo popote isipokuwa midomoni mwa watangazaji. Juni 23, 1994, Charleston, Flair akamshinda Sting na kuuzika ubingwa huo wa kubuni ndani ya ule wa WCW.

Jina nalo likatafutiwa kiuno. Tarehe 27 Agosti 1994 muungano ulifanya mashindano ya usiku mmoja Philadelphia, kwenye ukumbi uliokuwa ukichezewa bingo, chini ya kikundi kidogo cha Tod Gordon kilichoitwa Eastern Championship Wrestling. Shane Douglas alishinda. Akasimama na mkanda, akawataja mabingwa wa zamani mmoja baada ya mwingine kana kwamba anasali, kisha akautupa sakafuni na kusema hataki kuwa bingwa wa chama kilichokufa miaka saba iliyopita. Akaunyanyua mkanda wa kikundi chake. Mwakilishi wa NWA, Dennis Coralluzzo, alikuwa hajaambiwa. Muda si mrefu kikundi kikabadili neno la kwanza la jina lake kuwa Extreme, na ECW ikajulikana dunia nzima.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Herd una mantiki ukiuangalia kwa macho ya mhasibu. Kampuni ilikuwa inapoteza fedha, Flair alikuwa na miaka 42 na alilipwa kuliko karibu wote. Bosi wa televisheni anayeachana na mtangazaji ghali hana jambo geni. Kosa lake lilikuwa la tarehe na la kabati. Alimwondoa mtu akiwa ameshatangazwa kwenye onyesho ambalo tiketi zake zimeshauzwa, na hakuhakikisha kwanza mkanda uko ofisini. Alikuwa na njia ya wazi: amwangushe kwanza, ndipo amfukuze. Kama hilo lilishindikana, alipe amana, apokee mkanda, basi.

Flair aliuzuia mkanda kama rehani ya deni lake, na katika hilo namwelewa. Fedha ni zake, aliziweka kwa nia njema, na waliokuwa wakizishika hawakumrudishia. Kuupeleka kwa mshindani ukapigwe picha ni jambo jingine. Mwenye rehani hushika mali hadi alipwe. Haendi nayo sokoni. Kwa upande wa sanaa, lakini, hakuna mtu angefanya vizuri zaidi: miaka 28 baada ya McMahon mkubwa kuukana ubingwa wa NWA, mwanawe alikabidhiwa mkanda wake bila kutoa jasho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

McMahon alijua hatari iliyokuwemo. Akisema Flair ni bingwa "halisi", Hogan wake ni nani? Ndiyo maana mkanda ulitangulia mikononi mwa Heenan, mtu ambaye kila mtazamaji alimjua kuwa mwongo. Dai likasikika bila kampuni kulitia saini. Na mahakama ilipombana, ukungu kwenye kioo uliwafanya watazamaji waukodolee macho zaidi mkanda ambao hawakuruhusiwa kuuona. Nimewahi kuwasikia watu waliotazama vipindi hivyo wakiwa wadogo wakisema walidhani televisheni imeharibika.

Bodi ya NWA kukaa karibu mwaka mzima bila bingwa kulitokana na unyonge. Haikuwa na mkanda, wala ukumbi mkubwa, wala kituo cha televisheni chake. Kuupeleka ubingwa Tokyo kulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingine yote katika kisa hiki: huko kulikuwa na watazamaji wanaojua historia ya Thesz na Race, na mashindano yenye hadhi. WCW ilikubali kwa kuwa ilitaka biashara ya Japani, hata kwa gharama ya kuwa na mabingwa wawili wa dunia kwenye kipindi kimoja. Rekodi za Orlando nazo zilifanywa kwa sababu ya bei: kurekodi kwa mkupuo ni nafuu kuliko kusafirisha kambi kila wiki. Hakuna aliyekaa chini kuuvunja muungano wa miaka 45. Ulivunjwa na ratiba ya studio.

Philadelphia ni tofauti, kule kulikuwa na kusudi. Gordon na mpangaji wake wa mapambano, Paul Heyman, waliona kwamba jina la NWA lina thamani moja tu kwao, nayo ni kelele litakayotoa likianguka.

## Matokeo

Herd aliondoka WCW Januari 1992. Mkanda wa dhahabu ukawa wa ubingwa wa WCW; Hogan aliuchukua kutoka kwa Flair Julai 17, 1994, huko Orlando, na kwa miaka iliyofuata ndio uliokuwa ukitazamwa na wengi Jumatatu usiku. Machi 2001 WWF iliinunua WCW yote, mkanda ukiwemo, na kuanzia 2002 ukawa ubingwa wa dunia wa pili wa WWE hadi mwisho wa 2013.

Jina la NWA lilipita njia ya vumbi. Chris Candido alishinda mashindano mapya Novemba 1994 huko Cherry Hill, New Jersey. Februari 1995 Dan Severn akamwangusha, akaushika kwa miaka minne. Severn alikuwa mwanamieleka wa kweli aliyepigana na kushinda kwenye UFC, mashindano ya mapigano yasiyopangwa, kwa hiyo ile kinga ya mikono ilirudi. Ila wakati huo ilikuwa inalinda kitu ambacho hakuna aliyehangaika kukiiba.

## Uchambuzi

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ugomvi wa watu wawili, Herd na Flair, mmoja asiyejua mieleka na mwingine mwenye makuu. Inapendeza kusimulia hivyo, na Herd ana kosa lake. Lakini hata angekuwa mtu mwingine, mtego ulikuwa umeshategwa tangu Novemba 1988.

Amana ya dola 25,000 ilibuniwa kwa hali moja maalumu: waajiri wengi, bingwa mmoja. Ilifanya kazi kwa sababu aliyeishika hakuwa mwajiri wa bingwa, alikuwa muungano wa watu wanaochungana. Promota mmoja akitaka kumdhulumu bingwa, wenzake wangemzuia, kwa kuwa kesho nao wanamtaka ukumbini kwao. Bingwa naye akitaka kukimbia, kulikuwa na milango zaidi ya 20 itakayofungwa mbele yake. Turner alipokinunua kila kitu, aliyeshika amana na aliyelipa mshahara wakawa nyumba moja. Ukigombana na mwajiri umegombana na mdhamini. Hapo amana ilibadilika bila mtu kutia saini: haikumlazimisha tena bingwa kurudisha mkanda, ikawa sababu yake halali ya kutourudisha.

Kiasi chenyewe nacho kilikuwa kimelala. Dola 25,000 za enzi za Rogers zilikuwa nyumba. Kwa mtu aliyekuwa akilipwa mamia ya maelfu kwa mwaka, zilikuwa hasira tu. Hakuna aliyekumbuka kuzipandisha, kama ambavyo hakuna aliyekumbuka kwamba bado zipo.

Na mikono? Flair alikuwa fundi mkubwa wa onyesho, lakini suala la 1991 halikuwa ulingoni kabisa. Mkanda ulikuwa nyumbani kwake. Thesz mzima wa miaka 30 asingesaidia kitu.

Kilichofanya kazi nacho kipo, ingawa hakikuokoa muungano. Kutenganisha mali na jina mbele ya sheria kulimaliza ubishi ambao ungedumu miaka: bamba la dhahabu lina mwenyewe, na herufi tatu zina mwenyewe mwingine. Bei yake ni kwamba vikitenganishwa, kila kimoja kinapungua. WCW walikuwa na mkanda mzuri kuliko yote duniani na wakatumia miezi tisa kuutafutia jina la kuaminika, wasilipate.

Somo lililochukuliwa na wafanyabiashara wa mieleka lilikuwa jingine kabisa. Desemba 1995 Madusa alihamia WCW na ubingwa wa wanawake wa WWF, akautumbukiza kwenye pipa la taka moja kwa moja kwenye televisheni. McMahon, aliyefaidi mchezo huo mwaka 1991, sasa aliuonja. Novemba 9, 1997, Montreal, Bret Hart alikuwa bingwa wake, ameshasaini na WCW, na mkataba wake ulimpa sauti juu ya namna atakavyoondoka. Hakutaka kumwangukia Shawn Michaels mbele ya Wakanada wenzake. McMahon akaamuru kengele ipigwe Hart akiwa hajakubali kushindwa. Watu husema alifanya hivyo kwa ubabe. Mimi naona mtu asiyekuwa na amana ya mtu yeyote mkononi, hana Thesz wa kumtuma, na anakumbuka vizuri Heenan alivyobisha hodi na mkanda wa watu.

Mwaka 2017 NWA ilinunuliwa na mwanamuziki Billy Corgan, jina na mkanda kwa pamoja. Mabingwa wake wamekuwa wakizunguka kumbi za watu wengine, karibu kama zamani, isipokuwa bodi ya mapromota ya kuwasimamia haipo. Kuna mwenye mali, na kuna mkataba.